Mbio za Kobe

Nilianguka mbele za watu, hilo nilitangulize:
Jumanne, saa mbili asubuhi, jaruba la kina Nyagilo.
Gunia la mpunga lilitangulia mferejini,
mimi nikafuata, baiskeli ikamalizia.
Yangeyange watatu waliruka,
wakarudi, wakaendelea kula.

Miaka ishirini na miwili nakanyaga pedali,
Ahero hadi Awasi, Awasi hadi Katito,
nikiamini baiskeli ni mwendo tu:
ukikazana haianguki, ukilegea inakumwaga.
Kwenye lami uongo huo unatosha.
Kwenye tuta lenye upana wa viganja vitatu,
maji huku, maji kule,
uongo huo una kina cha magoti.

Aliyenicheka kuliko wote ndiye aliyenifunza.
Apondi, binti wa dada yangu, miaka kumi na minne,
meno ya mbele yamepishana, magoti yote makovu.
"Mjomba," akasema, "wewe hujui kuendesha.
Unajua kukimbia ukiwa umekaa."

Jioni, uwanja wa shule, nyuma ya vyoo,
akapanga makopo manane ya mafuta ya kupikia.
"Pita katikati. Polepole. Punguza tena.
Usitazame kopo. Jicho likiligusa, tairi nalo litaligusa."
Nikatazama kopo.
Nikaligonga.
La pili nililikodolea macho nikijikumbusha nisilitazame.

Kuna mambo mwili huyakataa
kama mtoto anavyokataa dawa:
kulegeza viwiko wakati moyo umekunja ngumi;
kukata kona ukiilaza baiskeli, si kujilaza wewe,
pedali ya nje chini, uzito wote kwenye unyayo mmoja;
kugeuza shingo uone nyuma
bila usukani kukufuata kama mbwa;
kugusa breki ya nyuma
kama unavyoonja uji wa moto.

Wiki ya pili goti likavimba.
Mke wangu, Nereah, akalikanda kwa maji ya chumvi,
kimya, kimya kabisa, kisha akasema,
"Wenzako wa umri huu wananunua pikipiki."

Wiki ya tatu Apondi akaja na wenzake,
akachora mistari miwili kwa majivu.
Mbio za kobe: wa mwisho kufika ndiye bingwa,
anayeweka mguu chini ametoka.
Ochuka, mtoto wa darasa la tano,
alibaki katikati ya uwanja akizungumza na wasichana,
magurudumu yakinong'ona chini yake.
Mimi nilifika wa kwanza.
Sijawahi kushindwa kwa kasi namna ile.

Basi usiku, kando ya ukuta wa jikoni,
tairi ya mbele nimeipinda kidogo, pedali zimelingana,
nasonga inchi moja, narudi inchi moja,
bega likigusa udongo, likiuacha.
Kumbe kutulia
ni kuanguka kidogo kidogo, huku na kule,
na kujirudi kabla ardhi haijajua.

Msimu wa kupandikiza ukafika.
Keria imejaa miche, inavuja maji mgongoni mwangu,
na pale matuta yanapokutana
namwona Min Obonyo anakuja na uji wa vibarua,
sufuria kichwani, bila kifuniko.
Zamani ningepiga kengele, naye angeshuka topeni.
Nikasimama. Juu ya baiskeli, nikasimama.

Akaja bila haraka,
shingo imenyooka, kiuno kimelegea,
macho mbali mbele, si miguuni.
Makopo manane yote aliyajua huyu,
tangu kabla Apondi hajazaliwa.
"Umekwama?" akauliza, bila kugeuza kichwa.
"La. Nakupisha."

Akashika tuta la kulia. Uji haukumwagika.
Mimi nilimwagika,
hatua mbili baada ya yeye kunipa kisogo,
taratibu, mguu mmoja tu,
mpaka kwenye kifundo.